Jotoardhi bila volkano: pampu za joto na miamba ya Dodoma

Kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni, mzee mmoja alisoma bango letu la jotoardhi, yaani joto litokalo chini ya ardhi, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hapa kwetu hayo maji yanachemkia wapi?" Swali zuri. Kwa umeme wa jotoardhi, macho yameelekezwa Mbeya, kwenye maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka, ambako Bonde la Ufa limelileta joto la chini karibu. Wenzetu wa Kenya wanazalisha umeme Olkaria tangu 1981.

Dodoma tunakaa juu ya mwamba wa kale uliopoa zamani. Lakini lipo joto jingine lisilohitaji volkano. Ukishuka mita kumi hivi, ardhi haijui masika wala kiangazi. Hubaki karibu na wastani wa hewa wa mwaka mzima, kwetu nyuzijoto 24 hivi, hata mchana wa Novemba hewa ikipita 31.

Hapo ndipo pampu ya joto inapofanya kazi. Gusa nyuma ya friji yako: lile vuguvugu limetolewa kwenye maziwa na nyanya zilizomo ndani. Pampu hufanya vivyo hivyo kwa chumba, ila joto inalitupa ardhini kupitia mabomba yaliyofukiwa. Kiyoyozi cha kawaida hulisukumia kwenye hewa ya nje ambayo tayari inaunguza, ndiyo maana kinakula umeme zaidi. Pampu nzuri hutumia uniti moja ya umeme kuhamisha tatu hadi nne za joto.

Aina za pampu hizi hutofautiana kwa namna mabomba yanavyolazwa. Ya mtaro, mita moja na nusu hadi mbili kwenda chini, ndiyo rahisi kuchimba, na wengi huikimbilia. Kwa Dodoma siipendi. Mchanga mkavu haupitishi joto vizuri. Bomba litazungukwa na joto lake lenyewe. Ya kisima kirefu, mita 50 hadi 150, ni ghali, lakini inaingia kwenye mwamba wa itale (graniti), na itale hupitisha joto mara kadhaa zaidi kuliko mchanga huo. Wenye bwawa la kudumu wanaweza kuzamisha mabomba humo.

Ipo pia inayovuta maji ya kisima, kuyapitisha kwenye mashine na kuyarudisha ardhini kupitia kisima kingine. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako, kisha fikiria mashine hiyo baada ya miaka miwili ya maji yetu ya chumvi. Tena mji huu unakunywa visima vya Makutupora. Maji ya chini si ya kuchezea.

Kwa nyumba moja, gharama ya kuchimba hailipi. Kwa hospitali au bweni, hesabu inaanza kuvutia, kwa sharti moja: ardhi inayopokea joto mwaka mzima bila kupumzishwa hupanda nyuzi polepole, na pampu huchoka nayo. Kwa hiyo joto linalotoka wodini lipashe kwanza maji ya kuogea na kufulia, kinachobaki ndicho kiende kisimani.