Je, wajua kwa nini kidonge kizuri cha peintiboli ni kile kinachopasuka kirahisi?

Hili swali mi mwenyewe nililikosa, tena nikiwa najiamini kabisa. Kama hujawahi kucheza, peintiboli ni ule mchezo wa kuwindana kwa bunduki zinazosukuma vidonge vya rangi kwa gesi, kidonge kikikupata na kikapasuka basi umetoka. Kikikugonga kikadunda bila kuacha rangi, kwa sheria za viwanja vingi bado upo mchezoni.

Sasa mi nilikuwa najua kidonge kizuri ni kigumu. Nilikuwa nadondosha kimoja sakafuni, kikidunda narudi nacho kwenye mfuko nafurahi, kikipasuka naanza kumlaumu aliyeniuzia. Halafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga, usiku wa kuamkia mchezo nikatia mfuko mzima friza, katikati ya samaki na maini, ili viwe mawe. Mama watoto akauliza hii dawa ya nani, nikamwambia we subiri kesho.

Kesho yake ilikuwa Julai, Arusha ile ya ukungu na makoti, tukateremka hadi shamba la jamaa mmoja pale Usa River. Dakika kumi hazijaisha bunduki yangu imeshapasua vidonge vitatu ndani kwa ndani, rangi inatoka hadi kwenye trigaa. Chalii anayezitunza akachungulia mtutu akaniangalia. "Kaka, umetuletea vidonge au barafu?"

Kumbe ganda la kidonge ni jelatini, na jelatini unaijua hata kama hulijui jina. Chukua supu ya makongoro ikalale kwenye sufuria, asubuhi unaikuta imeganda inatikisika, ile ndiyo jelatini imetoka kwenye ngozi na mifupa. Ipashe moto inayeyuka. Tone lake likiachwa kwenye sahani likauke siku mbili linakuwa kama ukucha, unalivunja kwa kidole linakatika kap. Kitu ni kilekile, kilichobadilika ni maji yaliyomo. Kwenye ganda la kidonge wanaongeza vitu vya kulilainisha, kama gliserini, kisha wanalifunga kwa teknolojia ileile ya vile vidonge laini vya mafuta ya samaki, na ndiyo maana ukikiangalia vizuri kidonge cha peintiboli utaona mshono umekizunguka. Ndani wala siyo rangi ya ukutani, ni polietileni glikoli yenye rangi, ndugu wa karibu wa ile inayotumika kwenye dawa za kulainisha choo. Ndiyo, hiyo.

Kwa hiyo baridi hailigeuzi ganda kuwa jiwe, inaliondolea tu kule kujikunja, linakuwa kama chapati ya juzi. Na ukikitoa friza kinatoa jasho kama chupa ya soda mezani, jelatini inakunywa lile jasho, kidonge kinavimba na kupoteza umbo. Mi nilifanikiwa kupata hasara zote mbili kwa bei ya umeme mmoja.

Sasa kwa nini unataka kinachopasuka kirahisi? Kidonge cha kawaida kina upana wa milimita 17 na ushee na uzito wa gramu 3 hivi, kinatoka kwa kasi isiyotakiwa kuzidi mita 91 kwa sekunde. Piga hesabu ya haraka: kwenye mtutu wa sentimita 30, kukifikisha kwenye kasi hiyo kunahitaji msukumo wa wastani kama uzito wa kilo 4 hivi. Lakini kikigonga kitu kigumu kikasimama ndani ya upana wake mwenyewe, inakuwa kama kilo 70. Ganda linatakiwa livumilie ile 4 na lishindwe na ile 70. Ni kama yai, ukilibana kiganja kizima linakutazama tu, ukiligonga kwenye ukingo wa sufuria limekwisha.

Mbaya ni kwamba mtu siyo kitu kigumu. Koti linabonyea, tumbo (la kwangu hasa) linabonyea, kidonge kinapata nafasi ya kusimama polepole na ile 70 inashuka sana. Ganda gumu hapo linadunda tu. Yaani ni kinyume cha nyanya pale soko la Kilombero, ya kupanda lori kwenda Dar inatafutwa yenye ngozi ngumu, kidonge tunakitaka kama ile ya kachumbari ya leo leo. Hesabu yangu ni ya wastani lakini, mwanzo wa mtutu msukumo ni mkubwa zaidi, na ndiyo maana vingi hupasukia huko nyuma.

Kupima basi: dondosha vichache kutoka usawa wa kifua kwenye sakafu ya saruji. Vinavyopasuka mara ya kwanza au ya pili ni vizuri, vinavyodunda kama mpira ni vya kufanyia mazoezi tu. Usilinganishe majibu ya sakafu ya vigae na ya udongo, hayo hayazungumzi. Kisha angalia umbo, vyenye bonde upande mmoja vimelala sana, mfuko unatakiwa ugeuzwe mara kwa mara. Mwisho tia kimoja kwenye mtutu: kikipita chenyewe ni chembamba, kikigoma hata ukipuliza kimevimba, kinachokaa na kutoka kwa pumzi moja ndicho chenyewe.

Kikipasukia ndani, acha kupiga, pitisha kitambaa mtutuni, maana hata rangi kidogo inapindisha vinavyofuata. Maji yanatosha, ila vidonge vya zamani vilikuwa vya mafuta, hadi tapentaini ilihitajika. Oringi, zile pete za mpira zinazozuia gesi isivuje, zipake oili ya bunduki hizo, usipulizie WD-40 ya gereji.

Nilivibakiza nusu mfuko. Wiki iliyofuata nilivikuta friza vimeshikana bonge moja, na mama watoto bado anasubiri ile kesho.