"Put off" si kuzima taa

"Put off the lights" husikika Nairobi na Dar es Salaam, na anayeisema hueleweka. Kwa maongezi ya nyumbani siioni tatizo. Kwenye mtihani ningeiepuka. Kinachotuponza ni Kiswahili: kwetu kuzima ni kuzima tu, iwe taa, simu au moto. Kiingereza cha leo kimegawa kazi hiyo. Taa, redio na injini hupewa "turn off" au "switch off". Mshumaa, sigara na jiko la mkaa hupewa "put out".

Kazi kubwa ya "put off" ni kuahirisha. "They put off the wedding until June": wameisogeza harusi hadi Juni. Usiichanganye na "call off", ambayo ni kufuta kabisa. Harusi ikiwa "put off", kamati inaendelea kukusanya michango. Ikiwa "called off", watu wanadai pesa zao.

Wakati uliopita "put" haibadiliki. "Putted" ipo, lakini ni ya wacheza gofu, tena inatokana na kitenzi kingine, "putt".

Makosa mengi hutokea kwenye mpangilio wa maneno. Nomino inakaa popote: "put off the meeting" au "put the meeting off". Kiwakilishi kinakaa katikati tu: "put it off". "Put off it" ni kosa, na sikio linaweza kukusaidia kulinasa: mkazo huangukia "off", na "it" ni neno jepesi lisiloweza kubaki mwishoni baada ya mkazo huo. Kikifuata kitenzi, kiishie na -ing: "I put off going to the dentist". Sisi huandika "to go" kwa sababu kichwani tuna "kuahirisha kwenda".

Sasa tazama kinachoahirishwa. Kama ni mtu, si tukio, maana hugeuka. "The smell put me off" ni harufu ilinikata hamu; "put me off my food", hamu ya chakula hasa. Kitu chenye tabia hiyo huitwa "off-putting", "off" ikitangulia. Na mdaiwa wako je? "He keeps putting me off": ananipiga kalenda, njoo kesho, njoo Jumatatu.