Rola Ikichemka, Usiimwagie Maji

Tangu sisi wakaguzi tuanze hili zoezi la kukagua miguu ya mashine za cheni, buldoza na ekskaveta hasa, malalamiko hayaishi na karibu yote yanafanana: mmenisimamishia mashine na ilikuwa inatembea vizuri tu. Sawa, ilikuwa inatembea. Hata rola (yale magurudumu madogo ya chuma yanayobeba mashine juu ya cheni) inayokufa huwa inazunguka mpaka ile dakika inagoma. Najua wengi hamna nia mbaya, labda sisi ndo hatujaeleza vizuri tunaangalia nini tukija na vile vipimo, kwa hiyo ngoja nieleze.

Tunachotafuta ni tofauti ya joto. Watu wanataka niwape namba moja, "nyuzi ngapi ni hatari?", waibandike kwenye kabini yaishe. Kiwango cha juu cha kila mashine kipo kwenye kitabu chake, kisomwe, lakini kwenye kazi ya kila siku hiyo namba haitakusaidia sana kwa sababu jua, udongo, mwendo na uzito wa kazi vyote vinapandisha na kushusha usomaji. Rola ya nyuzi 65 baada ya kutembea mchana kutwa juani inaweza kuwa nzima kabisa, na rola ya nyuzi 65 wakati zingine za upande huohuo ziko 40 inaumwa. Pima zote, zipime saa hiyohiyo, kisha uangalie ipi imejitenga. Na upande wa kushoto uulinganishe na wa kulia, hasa fainali draivu, zile gia za mwisho zinazozungusha cheni, maana zipo mbili tu, moja kila upande.

Kuna buldoza moja tuliikuta imetoka kusukuma kifusi. Upande wa kushoto rola zinasoma 52, 55, 53, ya nne 91, inayofuata 54. Opereta akatuambia hilo ni jua. Sasa jua gani hilo linachagua rola ya nne? Tukainama na tochi, pale ukingoni kwenye sili, kile kizuizi cha oili isivuje, tukaona pete nyeusi ya vumbi lililoshikana na oili, na rangi imeanza kubabuka kama ganda la kitunguu. Oili ilishatoka siku nyingi, bushi na shafti vinasagana vikavu huko ndani, na huyu bwana bado anasema mashine yake haina shida.

Rola ina oili kidogo tu, imefungiwa humo, hakuna mtu anaichungulia kila asubuhi kama ya injini. Kinachoizuia ni sili mbili za chuma zinazogusana uso kwa uso, zinasukumwa na ringi za mpira. Mpira wa kawaida ukikaa muda mrefu kwenye nyuzi zaidi ya 100 hivi unakakamaa, hausukumi tena, oili inatoka na tope linaingia, msuguano unaongezeka na joto linapanda tena. Oili yenyewe pia inachoka, makadirio ya siku zote ni kwamba kila nyuzi 10 ikizidi kupata moto umri wake unakatika karibu nusu.

Cheni nayo, kama ni ile yenye oili kati ya pini na bushi, kiungo kilichokauka kinachemka peke yake katikati ya wenzake waliopoa. Ila lazima upime mashine ikiwa imetoka kazini sasa hivi, ukichelewa joto linasambaa kwenye chuma na tofauti inapotea. Ndo maana tunakataa madaftari yaliyojazwa alfajiri kabla mashine haijawashwa, rola zote nyuzi 22, kila siku, mwandiko mmoja na kalamu moja. Jamani.

Bunduki ya kupimia joto inatosha kabisa, ila iwe ya viwandani. Kuna aliyetuonyesha ile ya kupimia homa, ile inaishia nyuzi 43 hivi, haikutengenezwa kwa chuma. Pia usipige kwenye chuma kinachong'aa, kinaakisi na utasomewa joto la uongo, mara nyingi la chini, kwa hiyo piga penye rangi au weka alama ya rangi nyeusi isiyong'aa na upime hapohapo kila siku. Na sogea karibu. Kipimo cha 12 kwa 1 (umbali mara 12 ya upana wa duara kinalosoma) ukisimama mita 1.2 kinasoma duara la sentimita 10, yaani unapima rola na tope na hewa kwa pamoja. Mkono usiutumie, chuma cha nyuzi 60 kinakuunguza ndani ya sekunde chache.

Kabla hujainama: mashine kwenye sehemu tambarare, bleidi au baketi chini, breki ya maegesho, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa anayepima (sio mfukoni mwa opereta aliyeenda chai), lebo ya kuzuia isiwashwe imening'inizwa kwenye usukani au livu. Hapo ndo unapima, unaandika saa, masaa ya mita ya mashine, kazi iliyokuwa inafanyika na usomaji wa kila rola kwa namba yake kuanzia mbele. Kama hukuandika, kwetu hukupima.

Maji sasa. Rola ikichemka watu wanakimbilia ndoo. Acha! Hewa ya ndani ikipoa ghafla inanywea na inavuta maji na tope kupitia sili, na uliyekuwa na rola moja ya kubadilisha unajikuta na tatu. Simamisha, acha ipoe yenyewe, safisha tope baadaye. Plagi ya fainali draivu usiifungue ya moto pia, ndani kuna presha, ifungue pole pole ikishapoa, na usijaze oili kupita kiwango ukidhani unaisaidia, oili nyingi inapigwapigwa na gia na inaleta joto lake yenyewe.

Nusu ya hizi kesi zinatokana na kutembeza ekskaveta mwendo mrefu mfululizo kwa kukwepa gharama ya lobedi (trela la kubebea mashine), na cheni iliyokazwa mno. Siongezi neno hapo.

Wenye sensa zisizo na waya, vizuri, zinakuonya mapema, lakini sensa yenye betri iliyokufa inakaa kimya sawasawa na sensa ya rola nzima, kwa hiyo hakikisheni inatuma usomaji.

Kuhusu lebo nyekundu tunayobandika tukisimamisha mashine, usiitoe mwenyewe. Ukiitoa suala linaacha kuwa la rola, linakuwa la kuvunja amri ya ukaguzi, fomu ni nyingine, anayesaini ni mwingine na sisi wakaguzi hatuna uwezo wa kukusamehe hata tukitaka. Badilisha kilichoharibika, fanyisha mashine kazi nyepesi saa moja hivi ndani ya eneo lako huku fundi akiwepo (lebo inaruhusu majaribio hayo tu), pima upande mzima, andika, halafu utuite tuje na kipimo chetu. Rola iliyotolewa usiitupe, tutataka kuiona.