Livingstone hakuzikwa Mkunazini

Wageni wa Mji Mkongwe, Unguja, huomba: "Tupeleke kwenye kaburi la Livingstone, kanisa la Kikatoliki la Mkunazini." Jamani! Ombi moja, makosa mawili.

La madhehebu nilimalize haraka. Kanisa Katoliki la Mji Mkongwe ni Minara Miwili, la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na mapadre Wafaransa wa Roho Mtakatifu miaka ya 1890. Mkunazini ni Waanglikana. Siwalaumu sana wanaochanganya, maana UMCA, misheni ya Kiingereza iliyolianzisha kanisa la Mkunazini, ilikuwa ya Waanglikana wapenda ubani na kengele. Mgeni akinusa tu anajiona yuko Roma.

Kaburi sasa. Aliyelala Mkunazini, nyuma ya altare, ni Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882. Ndiye aliyelisimamisha kanisa lile na kufasiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Watu wanampita kama jamvi la mlangoni, mbio kwenye msalaba mdogo wa mbao.

Msalaba huo unatajwa kuwa wa mti wa Chitambo, Zambia, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Mbao za mti, basi. Alipofariki Mei 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walimpasua, wakautoa moyo na matumbo wakayazika palepale. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Huko, Februari 1874, ulilazwa kwenye kanisa la mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lilelile la Minara Miwili. Nadhani Ukatoliki umeingilia hapo. Kisha jina la mji likatia chumvi yake: husemwa limetokana na "bwaga moyo", na mtu akisikia hivyo anaapa kwamba moyo wa mzungu umebwagwa Bagamoyo! Mwili ulivushwa Unguja, ukasafirishwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Ukienda Mkunazini, funika mabega na magoti, na Jumapili asubuhi waachie wenye ibada yao. Usiikimbilie altare. Anza na nguzo za marumaru penye kisima cha ubatizo: zimesimama kichwa chini, husimuliwa kuwa mafundi walizipachika Steere akiwa safarini. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Hapo, inasemwa, ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. "Inasemwa" siiondoi. Kwamba soko la watumwa lilikuwa uwanja huo na likafungwa 1873, hilo halina ubishi. Ila kulijua shina la mti hadi hatua ya mwisho, mimi siapi. Vile vyumba vya chini ya jengo la jirani, vinavyoonyeshwa kuwa vya kufungia watumwa, navyo vinanipa shaka: jengo lenyewe ni la misheni, la baada ya soko kufungwa.

Halafu zunguka nyuma ya altare, umsalimie Steere. Minara Miwili nenda saa za misa, maana nje ya hapo mlango mkubwa mara nyingi utaukuta na komeo.