Inavuta Wapi? Mpira wa Mazoezi na Misuli ya Kifua

Mama mmoja, fundi cherehani sokoni Kibuye, alifika kwetu kliniki hapa Kisumu akiwa ameshaanza mazoezi nyumbani. Alilala chali juu ya mpira mkubwa wa mazoezi, akatandaza mikono na kuishusha hadi vidole vikakaribia sakafu.

"Daktari, kifua kimefunguka kabisa!"

"Inavuta wapi, mama?"

Akanionyesha kwa ncha ya kidole kimoja, mbele ya bega, penye kiungo.

Jibu hilo lilinitia wasiwasi. Msuli wa kifua ni mpana: unatoka kwenye mtulinga na mfupa wa kidari hadi mkononi, kwa hiyo ukinyooka vizuri mtu huonyesha kwa kiganja kizima. Kidole kimoja mbele ya bega mara nyingi humaanisha kwamba zinazovutwa ni kano zinazoshikilia kiungo. Na kati ya viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloteguka mara nyingi zaidi, karibu kila mara likichomokea mbele, upande uleule tunaousukuma tukiwa juu ya mpira. Kama liliwahi kuteguka, zoezi hili si lako mpaka upimwe.

Mpira uwe wa kimo chako: ukiukalia, magoti yapinde pembe mraba. Uweke juu ya mkeka, si kwenye sakafu ya saruji inayoteleza. Kaa, kisha tembeza miguu mbele polepole mpaka kichwa na makombe ya mabega yalale juu ya mpira. Nyayo zikanyage chini, makalio yasining'inie. Sasa fungua mikono, viwiko vikiwa vimekunjwa na viganja vikitazama juu, uache uzito wa mikono ufanye kazi. Usisukume. Usishike chupa za maji wala vyuma. Pumua kwa utulivu sekunde 20 hadi 30, pumzika, rudia mara 2 au 3. Kuinuka, kunja mikono kifuani kwanza, ndipo urudishe miguu nyuma. Wengi huponyoka hapo.

Chini ya msuli huo mkubwa kuna mdogo, unaounganisha ubavu wa 3 hadi wa 5 na kombe la bega. Mishipa ya fahamu na ya damu ya mkono hupita nyuma yake. Vidole vikifa ganzi, acha papo hapo. Na kifua kinachobana hata ukiwa umetulia, au kinachokukatisha pumzi, hakitafuti mpira. Nenda hospitali bila kuchelewa.

Anayeogopa kulala chali apige magoti, aweke mkono mmoja juu ya mpira pembeni, kisha ashushe kifua kidogo kidogo. Mimi huwaanzishia wengi hapa, kwa sababu ni rahisi kujizuia.

Yule mama nilimkunja viwiko, nikamwinulia mikono kama shubiri moja. Nikamuuliza tena inavuta wapi. Safari hii aliweka kiganja chote kifuani.