C.L.R. James: si Mhindi, na kitabu chake cha kriketi si cha kriketi tu

Ukimtaja C.L.R. James kuwa mwandishi wa West Indies, yaani visiwa vya Karibi, swali la kwanza mara nyingi ni hili: "Kumbe Mhindi?" Hapana. Kosa ni la Columbus, aliyefika visiwa vya Karibi mwaka 1492 akidhani yuko pande za Bara Hindi, na jina likaganda. James alikuwa Mweusi, mzao wa watu waliotolewa Afrika kwa minyororo, na alizaliwa Trinidad tarehe 4 Januari 1901. Tena anayeuliza tusimcheke sana, maana Trinidad ina Wahindi wengi kweli, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kufanya kazi za mkataba mashambani kuanzia mwaka 1845.

Hilo ni dogo. Linalofuata ni kudhani kwamba alikuwa zao la chuo kikuu cha Uingereza. James hakupita chuo kikuu. Alisoma sekondari ya Queen's Royal College palepale Trinidad, baadaye akarudi kufundisha hapohapo, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Eric Williams, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. (Lishike jina hilo.) Alipopanda meli kwenda Uingereza mwaka 1932 alikuwa na miaka 31, na riwaya yake *Minty Alley*, iliyochapwa London mwaka 1936, ilikwisha kuandikwa zamani. Uingereza haikumfanya mwandishi, ila ilimpa wachapishaji.

Husemwa pia kwamba alikuwa mtu wa Moscow. Mkomunisti wa Stalin hakuwa hata siku moja. Alikuwa upande wa Trotsky, hasimu wa Stalin, akaonana naye Mexico mwaka 1939 na kujadiliana naye juu ya harakati za watu Weusi Marekani, kisha baadaye akaachana na Watrotsky nao. Hakuwa mtu wa kukaa chini ya paa la chama kwa muda mrefu.

Kuna dhana ambayo James mwenyewe aliipiga vita: kwamba watumwa walipewa uhuru na Wazungu wenye huruma. Kitabu chake *The Black Jacobins* cha mwaka 1938 kinaeleza mambo yalivyokwenda Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, Haiti ya leo. Watumwa waliinuka Agosti 1791 na kuyachoma mashamba ya miwa. Paris ilitangaza mwisho wa utumwa Februari 1794, baada ya zaidi ya miaka miwili ya vita. Napoleon alipotuma jeshi kuurudisha, likashindwa, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru. Alipokuwa anaandika, Italia ilikuwa imeshaivamia Ethiopia, na James aliongoza chama cha kuitetea kilichoundwa London. Katibu wa chama hicho alikuwa Jomo Kenyatta. Kwa hiyo anayekisoma kitabu hicho kama habari za Haiti peke yake amekisoma nusu: kwa James, Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa hao walioinuka, alikuwa ushahidi kwamba Afrika nayo itajikomboa, na aliyasema hayo wakati watawala wa London hawakuwa na ndoto kama hiyo.

Kwa sababu hiyo watu humweka kwenye kila mkutano wa Umoja wa Waafrika (Pan-African Congress). Wa Manchester wa mwaka 1945 hakuwepo, alikuwa Marekani. Alichofanya ni kumwandikia barua George Padmore, rafiki yake wa utotoni, ampokee kijana aitwaye Nkrumah. Na ule wa Dar es Salaam, Juni 1974? James alikuwa miongoni mwa walioufanyia kazi tangu mwanzo, na toleo la mwaka 1969 la historia yake ya harakati za Waafrika lilikuwa limeongezewa sifa kubwa za Nyerere na Azimio la Arusha. Lakini serikali za Karibi zilipofanikiwa kuvizuia vikundi vya upinzani vya visiwani visihudhurie, mzee akasusa. Kuisifu Dar na kuigomea ndani ya miaka mitano, huo si ukigeugeu. Aliyempenda Nyerere wa Azimio asingeweza kukaa katika ukumbi wa marais peke yao.

Sasa kriketi. Kwetu wengi huu ni mchezo wa klabu za wenye nacho, basi *Beyond a Boundary* ya mwaka 1963 huonekana kama kumbukumbu za mzee mpenda michezo. Kitabu chenyewe kinauliza: wanajua nini kuhusu kriketi wale wanaojua kriketi tu? Kisha kinakuonyesha Trinidad ya ujana wake, ambapo klabu ziligawanywa kwa rangi na mfuko. Queen's Park ya matajiri Wazungu, Maple ya watu wa maji ya kunde wa tabaka la kati, Shannon ya Weusi makarani na walimu, Stingo ya makabwela. James, mweusi mwenye elimu, akachagua Maple. Uzeeni aliandika bila kujificha kwamba uchaguzi huo ulimcheleweshea siasa kwa miaka. Sijui wahakiki wangapi wamewahi kujishtaki hivyo kwa sababu ya fulana ya timu.

Na hakuishia kukumbuka. Akihariri gazeti la *The Nation* la chama cha Williams, alipiga kampeni kali ili Frank Worrell awe nahodha wa West Indies, maana Mweusi alikuwa hajapewa timu hiyo kwa mfululizo mzima wa mechi. Worrell akapewa safari ya Australia ya 1960–61. Timu ilishindwa kwa tofauti ndogo tu, na watu wa Melbourne wakafurika barabarani kuiaga.

Mwaka 1965, James na Williams wakiwa wamekwisha kukosana, alirudi Trinidad kama mwandishi wa habari za kriketi. Waziri mkuu, mwanafunzi wake wa zamani, akamweka kizuizini nyumbani. Williams, angalau, hakuamini kwamba ilikuwa kriketi tu.