Iventi lupu ni nini, na mbona hukosi kuulizwa kwenye intavyuu ya frontendi, yaani ya kutengeneza upande wa tovuti anaouona mtumiaji?

Iventi lupu ni utaratibu ambao kivinjari hufuata kuamua kipande kipi cha JavaScript kitekelezwe sasa na kipi kisubiri zamu yake. Maana yenyewe ni fupi hivyo. Kazi huanza siku umeketi chumbani Kondele au Milimani mjini Kisumu, kampuni ya Nairobi au Berlin inakuhoji kwa video, na mhoji anabandika mistari minne kwenye skrini:

console.log("omena");
setTimeout(() => console.log("mbuta"), 0);
Promise.resolve().then(() => console.log("ngege"));
console.log("kamongo");

Anauliza: samaki hawa watatoka kwa mpangilio gani? Jibu ni omena, kamongo, ngege, mbuta. Wengi wamelikariri, na mhoji mzoefu analijua hilo. Swali analolitaka hasa ni linalofuata: kwa nini mbuta ametoka mwisho, ilhali tumeagiza asubiri milisekunde 0 tu? Hapo ndipo aliyekariri huanza kubabaika.

JavaScript, aliyoiunda Brendan Eich mwaka 1995 akiwa Netscape, hutekeleza jambo moja kwa wakati mmoja kwenye ukurasa. Tena fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi fulani) ikishaanza, hakuna nyingine inayoikatiza katikati. Fikiria mashine moja ya kusaga mahindi pale soko la Luanda: debe lako likishamwagwa ndani, hata mwenye haraka vipi atangoja liishe. Mahali ambapo fanksheni zinazoendelea hupangwa, moja juu ya nyingine, ndipo tunapoita staki. Omena na kamongo wako kwenye msimbo wa kawaida, kwa hiyo wanapita moja kwa moja kwenye staki, mstari baada ya mstari.

Sasa, nani anahesabu muda wa setTimeout? Si JavaScript. Hili watu hulisahau, na ukilitaja kwenye mahojiano utaonekana umechimba. setTimeout haimo kwenye lugha yenyewe. Ni huduma ya kivinjari, na kanuni zake zimeandikwa kwenye kiwango cha HTML. Kivinjari kinahesabu kikiwa pembeni, na muda ukiisha kinaiweka fanksheni yako kwenye foleni. Haikimbizwi papo hapo. Inangoja staki iwe tupu na zamu yake ifike. Kwa hiyo ile 0 maana yake ni "si kabla ya milisekunde 0", wala si ahadi kwamba itatekelezwa sasa hivi.

Na foleni si moja. Ya kwanza ni ya taski: setTimeout, mbonyezo wa kitufe, herufi iliyoandikwa kwenye kibodi. Ya pili ni ya maikrotaski: yale yaliyo ndani ya .then ya Promise (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye), msimbo unaofuata baada ya await (neno linaloisimamisha fanksheni mpaka jibu hilo lije), na queueMicrotask. Kila taski inapomalizika na staki kubaki tupu, kivinjari kinaimaliza kwanza foleni nzima ya maikrotaski kabla ya kuchukua taski nyingine au kuchora ukurasa upya. Ndiyo sababu ngege amemtangulia mbuta.

Neno "nzima" ndilo la kushika. Maikrotaski ikizaa maikrotaski nyingine, nayo inahudumiwa kabla foleni haijafungwa. Basi kuna swali zuri sana la ufuatiliaji: fanksheni inayojiita tena na tena kupitia Promise.resolve().then itafanya nini kwa ukurasa, ukiilinganisha na inayojiita tena kupitia setTimeout? Ya kwanza itaugandisha ukurasa kabisa, kwa sababu foleni haiishi na kivinjari hakipati nafasi ya kuchora wala kusikia mbonyezo. Ya pili inakula nguvu za simu, lakini ukurasa unaendelea kuitika, maana kati ya taski moja na nyingine kuna mwanya. Ukiweza kueleza tofauti hiyo bila kusitasita, mhoji haoni haja ya kukuuliza ufafanuzi wa iventi lupu.

Wahoji hawaulizi haya ili kukutega. Wanataka kujua kama unaelewa kwa nini ukurasa hukwama mkononi mwa mtu. Chukua tovuti ya kukata tiketi za basi kutoka Kisumu hadi Nakuru. Abiria anabonyeza "Lipa", seva inaomba M-Pesa itume ujumbe wa kuweka PIN kwenye simu yake, na jibu linachukua sekunde kadhaa. Msanidi asiyeijua iventi lupu anaweza kuandika kitanzi cha while kinachozunguka mpaka jibu lije. Kitufe cha "Ghairi" hakiitiki tena. Na kibaya zaidi, jibu la seva likifika haliwezi kusomwa, kwa kuwa nalo limekaa foleni likisubiri kitanzi kiishe, na kitanzi nacho kinalisubiri jibu hilo. Ukitumia fetch (amri ya kuomba data kutoka kwa seva) na await, kivinjari kinashughulikia mawasiliano pembeni, staki inabaki huru, na abiria anaweza kubadilisha kiti au kughairi safari.

Skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani una takriban milisekunde 16.7 kwa kila mchoro. Taski inayozidi milisekunde 50 huhesabiwa kuwa ndefu. Tangu Machi 2024, Google huupima ukurasa pia kwa INP, kipimo cha jinsi unavyomwitikia mtumiaji, na kiwango kizuri ni milisekunde 200 au chini. Laptopu yako inaweza kukudanganya hapa. Wateja wengi wa soko la Kibuye hawabebi simu za bei kubwa, na hesabu inayopita haraka kwako itawachelewesha wao. Chrome ina zana ya kupunguza kasi ya prosesa mara 4 au 6. Itumie, kisha ulitaje hilo ukihojiwa. Kama kuna orodha ndefu ya kupanga, igawe vipande ukiachia mwanya kwa setTimeout, au ipeleke kwa Web Worker, ambayo ina uzi wake yenyewe, yaani njia yake ya kutekeleza msimbo, lakini haiwezi kuugusa ukurasa moja kwa moja.

Kuhusu maandalizi, mimi naamini karatasi kuliko video za kutazama. Chora visanduku vitatu: staki, maikrotaski, taski. Sogeza kila mstari wa msimbo kwa kalamu, andika jibu lako, halafu ndipo uendeshe programu. Kisha mweleze mwenzako kwa sauti, awe ni wa LakeHub (kituo cha teknolojia Kisumu), wa Chuo Kikuu cha Maseno au jirani tu. Anza kwa Kiswahili au Dholuo, lugha ambayo huwezi kujificha nyuma ya istilahi, ndipo urudie kwa Kiingereza ambacho mahojiano mengi hutumia.

Jaribu msimbo huu kwa kalamu kwanza:

async function soko() {
  console.log(1);
  await null;
  console.log(2);
}
console.log(3);
soko();
console.log(4);

Wengi husema 3, 4, 1, 2, wakidhani neno async linaisukuma fanksheni nzima kwenye foleni. Si hivyo. Fanksheni ya async hutekelezwa palepale inapoitwa mpaka ikutane na await ya kwanza. Kilichobaki chini yake ndicho kinachokwenda kwenye maikrotaski. Jibu ni 3, 1, 4, 2.